Mtani Ndani ya Tanuru

“Mhehe, umechelewa. Au ulisimama njiani kumkimbiza mbwa wa kitoweo?”

Sauti ilitoka kwenye kidude kilichobanwa nyuma ya sikio, ikapita mfupani hadi katikati ya kichwa, na Benitho Kihwele akatabasamu kabla hajavua koti. Saa nane mchana ilikuwa imepita kidogo, zamu ya pili inaingia. Mafundi waliokuwa wakifunga kamba za viatu kwenye chumba cha kubadilishia nguo nao waliisikia, maana sauti ile ilisema na zamu nzima. Wakaanza kucheka hata kabla mzee wao hajajibu.

“Nimechelewa kwa ajili yenu, mateka wangu,” alisema Benitho. “Nimewakuta babu zako barabarani wanaomba maji.”

“Maji ya kunywa au ya kuoga? Kama ya kuoga usiwaulize, Mhehe, wewe hayakuhusu. Kwenu kwenye baridi mnaoga Krismasi hadi Krismasi.”

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Benitho alivaa kofia ngumu, akapanda ngazi za chuma kuelekea jukwaani, moyo mweupe, mwili mwepesi, kama mtu anayekwenda kumwona rafiki. Na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Isipokuwa rafiki mwenyewe alikuwa kaburini tangu masika ya mwaka juzi, na hiyo iliyokuwa ikimtania ilikuwa sauti ya tanuru la saruji.

Hebu tuelewane, maana si kila mtu amewahi kuingia kiwandani. Zamani mitambo ikiumwa ilikuwa inawasha taa nyekundu na kupiga king'ora. Watu wakazoea. Nani asiyejua binadamu anavyozoea? King'ora kikikera, fundi alikifunga tambara. Taa ikimchoma macho, aliibandika utepe mweusi. Mashine zikaungua, na watu wakaungua nazo. Ndipo ikatoka amri kila mtambo mkubwa upewe Msemaji. Ni akili isiyo na mwili, iliyounganishwa na mamia ya vipimo vilivyopachikwa kwenye chuma, inayohisi joto, mtikisiko na mlio wa kila beringi, kisha inasema kwa maneno ya watu, kwa sababu mtu akiitwa na mtu hugeuka. Na lugha Msemaji hafundishwi ofisini. Huisikiliza mwenyewe kwa mafundi wanaovaa vile vidude, mwaka baada ya mwaka, mpaka aongee kama wao.

Msemaji wa tanuru la Namkanga alimsikiliza zaidi Kastory Ngonyani. Huyo alikuwa Mngoni, msimamizi wa zamu ya asubuhi, na kwa karibu miaka ishirini alikuwa akimkabidhi Benitho tanuru kila saa nane. Wahehe na Wangoni ni watani, tangu vita vya mababu: Mngoni humcheka Mhehe kwa kula mbwa, Mhehe humwita Mngoni mateka, na watani hawakabidhiani kitu kwa adabu. “Chukua tanuru lako, nimelilisha, wewe kazi yako kulilalia tu.” Hivyo ndivyo taarifa ya zamu ilivyotolewa Namkanga. Kastory alipofariki, moyo umesimama ghafla akiwa shambani kwake, Msemaji aliendelea. Kwa zamu nyingine alisema kwa upole kama karani. Lakini saa nane ikifika na Benitho akivaa kidude chake, Msemaji aliazima maneno ya Kastory, kicheko cha Kastory, hata kile kikohozi chake cha kusafishia koo kabla hajatukana. Benitho alikuwa akiichukia Jumapili yake ya mapumziko kuliko ugonjwa.

* * *

Mkaguzi alifika mwanzoni mwa wiki, siku ya mawingu. Alitumwa na Bodi ya Uimara wa Mitambo, kwa kuwa tanuru la Namkanga lilikuwa likisifiwa kuwa haliharibiki, na sifa ikizidi nayo hukaguliwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na kwenye ovaroli yake palishonwa jina: Inj. G. Mbano.

“Shikamoo, mtani,” alisema alipoletwa mbele ya Benitho. “Gaudensia Mbano, wa Songea. Nimeagizwa nihesabu mbwa wa kijiji waliobaki, kisha ndiyo nikague tanuru.”

Mafundi waliguna kwa furaha, wakamtazama mzee wao. Hapo ndipo Mhehe yeyote mwenye damu mwilini angejibu.

“Marahaba,” alisema Benitho. “Karibu. Tuanzie kwenye rola.”

Sekela, fundi wa grisi, binti wa Kinyakyusa asiyejua kuficha lililo moyoni, alijikuna shingo na kutazama juu. Gaudensia alimwangalia yule mzee kwa makini zaidi ya alivyoliangalia tanuru.

Tanuru lenyewe lilikuwa bomba la chuma refu kama uwanja wa mpira, limelazwa kwa mteremko kidogo juu ya nguzo za zege, likizunguka polepole usiku na mchana. Ndani mlikuwa na moto wa hidrojeni usio na moshi, na mawe ya chokaa yakiviringika mpaka yanakuwa klinka, vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji. Uzito wote ule ulikaa juu ya rola za chuma, na kila rola ilikaa kwenye beringi inayoogelea mafuta. Gaudensia alizipitia moja moja. Aligusa kwa mgongo wa kiganja, akanusa mafuta, akasikiliza kwa kijiti cha mwanzi alichokiweka baina ya chuma na sikio, jambo lililomfanya Benitho ampende kidogo bila kutaka.

“Mimi nina maswali matatu,” alisema akijifuta mikono. “Mtambo unaharibika mara ngapi? Ukiharibika mnautengeneza kwa haraka gani? Haya mawili mmenishinda, sijaona pengine kama hapa. La tatu nauliza watu.” Akamgeukia Sekela. “Dada, Msemaji akikwambia rola inakufa, unafanya nini kwanza?”

“Kwanza nacheka,” alisema Sekela.

“Halafu?”

“Halafu naangalia kioo cha vipimo. Kama nina nafasi.” Akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

Jioni ile Gaudensia alimfuata Benitho kwenye kibanda cha chai nyuma ya ghala. Alinunua maandazi, akamsogezea.

“Nimemsikiliza Msemaji wako siku nzima, Mhehe. Ni fundi. Anasikia beringi inataka kuumwa kabla chuma chenyewe hakijajua. Lakini kwenye zamu yako, onyo na mzaha ameshavishona kwa uzi mmoja, siwezi kufumua kimoja nikaacha kingine. Inabidi aoshwe.”

Kuosha, kwa lugha yao, ni kumrudisha Msemaji alivyokuwa siku ya kwanza, mtupu, aanze kujifunza upya.

“Ukimwosha unaniachia kitoto kichanga, na masika ndiyo haya,” alisema Benitho. “Hatalijua tanuru mpaka mwakani. Tutasimama mara ngapi? Nani ataumia kwa sababu kitoto hakikusikia beringi? Umelifikiria hilo, injinia?”

“Nimelifikiria. Ni kweli, na ndiyo maana sijaamua. Isitoshe siwezi peke yangu. Msemaji haoshwi mpaka msimamizi wa zamu ambaye Msemaji humtii aseme kwa sauti yake mwenyewe.”

“Basi sisemi.”

“Ni kwa ajili ya tanuru unakataa, au kwa ajili ya Mngoni aliyemo ndani?”

Benitho alilirudisha andazi kwenye sahani. Angekuwa mtu mwingine aliyemuuliza hivyo, Benitho angeondoka. Lakini mtani hanuniwi, hiyo ndiyo sheria, na mtani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kukuchokonoa kidonda mbele ya watu.

“Wewe ungemzika mtu wako mara mbili?” aliuliza. “Ile mara ya kwanza tu sikuiweza.”

Na hakuiweza kweli. Msibani kwa Mngoni, Mhehe ndiye mwenye kazi ya kuvunja simanzi. Atazuia jeneza, atalala njiani, atadai alipwe, atamsema marehemu kwa uchoyo wake mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Siku ya Kastory watu wote walimngoja Benitho. Alisimama pembeni ya kaburi na kofia mkononi, mdomo ukakataa. Mjane akamtazama, watoto wakamtazama, kisha wakafukia tu. Kesho yake saa nane alipovaa kidude na kusikia, “Mhehe, jana ulikula ubwabwa wangu bure,” alilia akiwa peke yake jukwaani kwa furaha isiyo na jina. Tangu hapo hakumtania tena mtu aliye hai. Akiba yote ya utani aliiweka kwa tanuru.

* * *

Siku ya tatu ya ukaguzi mawingu yalishuka chini kabisa. Zamu ilikuwa ndiyo kwanza imeingia.

“Mhehe,” ilisema sauti, ikakohoa kile kikohozi. “Rola ya tatu inakata roho. Leteni sanda. Na safari hii nataka pilau, sitaki ubwabwa.”

“Sanda yako tulishaichanachana tukafutia grisi,” alijibu Benitho, na zamu ikacheka.

Sekela alikuwa tayari yuko nguzo ya tatu na ndoo yake. Alikuwa bado anacheka alipofungua mfuniko mdogo wa kukagulia beringi. Ndani, mafuta yalikuwa yamegeuka mvuke wa moto uliokosa hewa tu. Mfuniko ulipofunguka, hewa ikaingia. Ulimi wa moto ukatoka pale tunduni, ukamlamba mkono mpaka begani.

Ukelele wake uliingia kwenye vichwa vya watu wote kwa pamoja, kupitia mfupa.

Benitho alishuka zile ngazi bila kuzikanyaga sawasawa. Mafundi wawili walishamwondoa Sekela na kumvingirisha kwenye blanketi la kuzimia moto. Beringi ilikuwa inalia sasa, mlio wa chuma kinachokula chuma, mlio ambao hata mtoto angeujua.

“Kastory!” alipiga kelele, na hakuona hata haya kuliita jina hilo mbele za watu. “Utani au kweli? Niambie! Beringi inakwama au haikwami?”

“Kweli gani tena, Mhehe?” ilijibu sauti, changamfu kama ya mtu aliye harusini. “Nimeshakwambia nakufa. Unataka nikuimbie?”

Kastory wa kweli asingejibu vile. Kastory angekuwa ameshafika hapo mwenyewe, anahema.

“Mzee, mvua!” Alikuwa Gaudensia, na matone ya kwanza yalikuwa yakigeuka mvuke juu ya mgongo wa tanuru. Hakuhitaji kueleza. Tanuru jekundu likisimama mvua ikalinyeshea, upande wa juu hupoa na wa chini hubaki moto, na bomba lote hupinda kama ndizi. Hapo kiwanda hakina tanuru tena, kina chuma chakavu. Lakini likiendelea kuzunguka kwa kasi ile, beringi ingekwama na rola ingeruka, na chini ya rola kulikuwa na watu.

“Zimeni moto! Mota kubwa zimeni, tulizungushe kwa ile ndogo ya akiba!” alisema Benitho. “Mafuta! Leteni pipa zima!”

Yeye na Gaudensia walipanda kwenye nguzo ya tatu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, wakawa wanamimina mafuta mapya juu ya shingo ya rola kwa ndoo, huku tanuru likisogea taratibu kama mzee anayejigeuza kitandani. Mvua ikapiga, mvuke ukawafunika, hawakuonana. Kila baada ya muda Gaudensia aliita, “Upo, Mhehe?” na Benitho aliitika, “Nipo!” Sauti kichwani iliendelea kutania, kumsema babu yake Benitho, kudai pilau, mpaka akakiondoa kidude na kukisukuma mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kuvua kile kidude ndani ya zamu.

Kufikia jioni tanuru lilikuwa limepoa, limenyooka. Hakuna aliyeshangilia.

* * *

Zahanati ya kiwanda ilikuwa na harufu ya dawa na ya nguo zilizoungua. Sekela alikuwa amelala na mkono umefungwa bandeji mpaka begani. Daktari alisema vidole vitapona, lakini ngozi ya begani haitarudi ilivyokuwa.

“Pole, mwanangu,” alisema Benitho asubuhi iliyofuata, amesimama mlangoni.

“Nimeshapoa, Mzee.” Alijaribu kutabasamu. “Nilikuwa nacheka, unajua? Nimefungua mfuniko huku nacheka. Mama yangu alikuwa akisema mzaha mzaha hutumbua usaha, mimi nikadhani ni maneno ya kuwatishia watoto.” Kisha machozi yakamtoka, akageukia ukutani. “Sikulaumu wewe. Aliniambia. Ila aliniambia kama anavyotuambia kila siku.”

Benitho alitoka nje akakaa kwenye benchi. Gaudensia alikuwa hapo, amekunja mikono, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Nikuulize kitu, na leo sitanii,” alisema mwanamke. “Huyo Kastory. Jambo likiwa zito, la kweli kabisa, alikuwa akikwambiaje?”

“Alikuwa hasemi hivi hivi.” Benitho alisimama bila kujua kwamba amesimama. “Habari mbaya haipigiwi mbiu, mwanangu. Hata kwenu hamjalelewa hivyo. Alikuwa anakuja. Siku sanduku la gia lilipopasuka, alitoka chumba cha uendeshaji akapanda mpaka juu nilipo. Akavua kidude chake, akakitia mfukoni. Akanivua na mimi changu. Halafu hivi.”

Akaweka kiganja begani mwa Gaudensia, akainamisha kichwa mpaka karibu na sikio lake.

“‘Benitho.’ Hivyo tu. Akiniita Benitho, badala ya Mhehe, nilijua dunia imegeuka. Siku mke wangu alipofariki ni yeye aliyeletewa habari, simu ilipigwa ofisini. Alinifuata vilevile. Akavua kidude. ‘Benitho, ndugu yangu, twende nyumbani.’ Hakusema kingine, na mimi sikuuliza. Akanishika mkono mpaka kwetu, mtu mzima na mtu mzima, barabara nzima inatutazama.”

Akaondoa kiganja taratibu.

“Alikuwa anavua kidude,” alirudia Gaudensia kwa sauti ndogo.

“Kila mara.”

“Na wewe pia, ukiwa na neno zito kwake?”

“Sote. Namkanga nzima. Nani atatangaza msiba kwenye...”

Benitho aliona. Akaiona miaka ishirini ya kelele na vicheko ikimwagika kwenye masikio ya tanuru, na kila neno zito limechukuliwa pembeni, likasemwa mdomo kwa sikio, vidude vikiwa mifukoni. Tanuru halikuwahi hata siku moja kumsikia Kastory akisema kweli chungu. Lingejifunzia wapi?

“Tumemfundisha nusu,” alisema.

“Mmemfundisha nusu. Ile iliyosikiwa na kila mtu.” Gaudensia alitazama chini. “Ile nyingine haimo mle, baba. Hata nikimwacha miaka mia, haimo. Uko nayo wewe.”

Benitho alikaa tena. Alilia bila kujificha, mikono magotini, kama ambavyo hakulia pembeni ya kaburi, na wagonjwa waliokuwa wakipita walimwambia pole bila kujua ni ya nini. Alimtamani Kastory. Si yule wa vicheko. Huyo alikuwa amemsikia kila siku mpaka jana. Alikitamani kile kiganja begani. Miaka miwili alikuwa amekaa karibu na moto wa picha, akishangaa kwa nini bado anasikia baridi.

* * *

Rola mpya ilifungwa, beringi ikamwagiwa mafuta safi. Kabla ya kuwasha moto, Gaudensia aliongeza jambo moja ndani ya Msemaji, jambo litakalobaki hata baada ya kuoshwa, na ambalo Bodi baadaye ingelipeleka kwenye mitambo mingine. Sasa, kwa neno lolote linaloweza kudhuru mtu au mtambo, Msemaji angetakiwa kuuliza kwanza kama limesemwa kwa dhati, na asingetenda mpaka ajibiwe.

“Tumwoshe saa ngapi?” aliuliza.

“Swali gani hilo? Saa nane,” alisema Benitho.

Zamu mbili zilikusanyika chini ya tanuru, inayotoka na inayoingia. Sekela naye alikuja, mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Benitho alivaa kidude. Kisha, mbele ya watu wote, mzee yule mwenye mvi akajilaza chali katikati ya njia, pale pale kwenye vumbi la saruji, akazuia ngazi.

“Hapiti mtu!” alipaza sauti. “Mngoni hazikwi bure! Kastory alikuwa mchoyo, jamani, mchoyo! Miaka ishirini amenikabidhi tanuru, hajawahi kunikabidhi hata andazi! Akinunua karanga anahesabu, akimaliza anakuonyesha maganda! Nataka malipo yangu, au nilale hapa mpaka masika yaishe! Kuna Mngoni yeyote hapa mwenye haya?”

Watu walikodoa macho, kisha kicheko kikaanza nyuma, kikapanda, kikawa kikubwa, na ndani ya kicheko hicho wazee wa zamu ya asubuhi walikuwa wakipangusa machozi. Gaudensia alipita katikati yao. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mche wa sabuni ya kufulia, akaudondosha kifuani mwa Benitho.

“Malipo hayo, Mhehe! Kaoge, Krismasi bado mbali!”

“Sabuni yenyewe umeitumia!” alisema Benitho akiinuka, na sasa hata yeye alikuwa akicheka, mbavu zinamuuma. Alijipangusa vumbi. Kicheko kikashuka chenyewe, watu wakatulia.

“Mngoni,” alisema.

“Nipo, Mhehe. Nimesikia unanisema uchoyo.”

“Toka ndani ya tanuru langu. Kazi yako imekwisha. Oshwa, uende.”

Kikohozi kikasikika kwenye mifupa ya watu wote, kile kile, cha kusafisha koo. Benitho alingoja tusi. Wote walingoja.

“Utani au kweli?”

Benitho alifungua mdomo. Angeweza kusema utani. Neno moja, na kesho saa nane tanuru lingemtukana tena, na keshokutwa. Alimwona Sekela, bandeji nyeupe dhidi ya ovaroli ya buluu.

“Kweli,” alisema.

“Sawa,” ilisema sauti, bila kicheko.

Kisha ikaja sauti nyingine, laini, isiyo ya mtu yeyote.

“Mimi ni Msemaji wa tanuru la Namkanga. Rola ya kwanza, kawaida. Rola ya pili, kawaida. Rola ya tatu ni mpya, bado sijaijua. Tafadhali nifundisheni.”

Mota ndogo ikanguruma, tanuru likaanza kujigeuza. Watu wakatawanyika kwenye kazi zao, wakisema kwa sauti za chini. Benitho alikivua kidude, akakitia mfukoni. Akamwendea Gaudensia aliyekuwa akifunga mkoba wake, akamvuta pembeni, nyuma ya nguzo ya tatu, akamwonyesha kwa ishara avue na yeye chake. Gaudensia akavua. Mzee akamwekea kiganja begani, akainamisha kichwa.

“Gaudensia,” alisema. “Nimemkumbuka mno. Nimemkumbuka mpaka naumwa.”

“Pole, baba,” alisema Gaudensia, na akauweka mkono wake juu ya mkono ule.

Tanuru lilikuwa juu yao, likizunguka, na maneno hayo halikuyasikia.